Machozi ya Cornel

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulimwacha Vumilia amejificha kwa baba yake huko Ushetu, na mfupa wa mkono wake wa kushoto ukiwa umeunga vibaya.

Kwa anayeanza kusoma leo, mambo yalikuwa hivi. Vumilia alikuwa fundi cherehani pale Segese, akishona ovaroli za wachimbaji siku za kazi na kuimba kwaya Jumapili. Akatokea Cornel, mwinjilisti mwenye shati jeupe na sauti ya upole, mgane kwa maneno yake mwenyewe. Akasema Mungu amemwonyesha mke ndotoni. Mke huyo alikuwa Vumilia.

Vumilia akamfuata Katoro bila ndoa ya kanisani. Kila mwezi aliambiwa harusi ni mwezi ujao. Akala ngumi kwa miaka miwili. Mwishowe yule mke aliyesemekana kuwa marehemu akabisha hodi mlangoni, mzima wa afya. Jina lake Bhoke. Na ni Bhoke huyohuyo aliyemtorosha Vumilia hadi stendi na kumwambia, "Kimbia, mdogo wangu. Huyu niachie mimi."

Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miezi minne.

Jumanne asubuhi Vumilia alikuwa shambani kwa Mama Klara, mjane wa aliyekuwa mchungaji wa kijiji. Waling'oa karanga wakiwa wawili tu. Vumilia alikuwa hajalala vizuri kwa siku tatu.

"Mama, kuna jambo nimekuficha."

"Sema, mayu, mwanangu."

"Nilipofika hapa niliwaambia nilianguka. Sikuanguka. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Cornel alinipiga mateke ya tumbo mpaka ikatoka. Nilimfunga mtoto kwenye kanga, nikamzika nyuma ya choo. Peke yangu."

Mama Klara aliacha kung'oa, karanga na udongo wake mkononi.

"Baba hajui," Vumilia aliendelea. "Hakuna anayejua. Na kosa ni langu, Mama. Niliishi na mwanamume bila ndoa huku naimba mbele za watu. Mungu alinipiga."

"Siku ile nani alikuwa amevaa buti?"

Vumilia hakuelewa. "Cornel."

"Basi usimvishe Mungu buti za Cornel."

Vumilia alikaa chini kwenye tuta. Alilia kwa sauti nzito ambayo hata yeye hakujua kama anayo, na Mama Klara hakumnyamazisha. Alimshika kisogo tu, kama unavyomshika mtu anayetapika, akasubiri mpaka yaishe.

"Kuishi naye bila ndoa ulikosea, na ulishatubu," Mama Klara alisema baadaye. "Mtoto hukumuua wewe. Mambo hayo mawili usiyafunge kwenye mzigo mmoja."

"Na akija huyu mtu? Akija analia? Mama, mimi nikimwona analia naishiwa nguvu. Nitajuaje kama ni kweli?"

"Machozi mwachie mwenyewe. Mwambie ataje alichokufanyia. Mtu aliyeguswa na Mungu huitaja dhambi yake kwa jina lake, hata mbele za watu, na hakupangii siku ya kumwamini. Anayezungukazunguka, mwogope."

"Lakini kumsamehe?"

"Utamsamehe. Kurudi kulala nyumba moja naye ni habari nyingine kabisa."

Simu ya Vumilia ikaita. Alikuwa baba yake, Mzee Masalu.

"Njoo nyumbani," alisema. Sauti yake ilikuwa laini, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Una wageni. Wageni wa heri."

Vumilia alimweleza Mama Klara kuhusu wageni hao. Mama Klara alijipangusa mikono.

"Twende wote."

Mzee Masalu alikuwa amekaa mbele ya bani lake, nyumba ya udongo ya kukaushia tumbaku, akichambua majani makavu na kuyafunga mafungu. Ndani ya bani moto ulikuwa unawaka, kwa maana tumbaku ya mwisho ilikuwa bado chanjani. Kando yake, kwenye benchi, alikaa mwanamume mnene mwenye suti na Biblia mapajani. Na chini, juu ya udongo, alipiga magoti Cornel.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Huyu ni Mchungaji Sostenes, ametoka Geita. Amemleta mwenzako aombe radhi."

Vumilia hakukaa. Mama Klara alisimama nyuma yake.

Cornel aliinua uso. Machozi yalikuwa yamelowesha ukosi wa shati. "Mke wangu, nimekonda kwa ajili yako. Shetani alinitumia. Nimefunga siku saba, Bwana akaniambia nenda Ushetu ukapige magoti mbele ya baba yake. Nimekuja. Turudi nyumbani leo, Mchungaji atufungishe ndoa Jumapili hii."

Tusimlaumu Vumilia kwa kilichompata hapo. Aliona yale mabega, akakumbuka siku za mwanzo, Cornel akimbebea cherehani begani kutoka sokoni huku akiimba. Alitamani iwe kweli. Mguu wake wa kulia ulisogea hatua moja kabla hajaujua.

Kisha akasikia tena lile neno, Jumapili hii.

"Umenikosea nini, Cornel?"

"Nilikukwaza, mama. Nilikukwaza sana."

"Kwa lipi? Litaje."

Sostenes akakohoa. "Dada, yaliyopita tusiyafukue. Aliyesamehe hahoji."

"Simhoji ili nimhukumu, Mchungaji. Nataka kumsikia tu."

Cornel alimtazama Sostenes kwanza, ndipo akajibu. "Nilikupiga kofi. Mara moja, kwa hasira. Sikatai."

"Hilo tu?"

"Labda mara mbili."

Vumilia aligeuka kwa baba yake.

"Baba, nilikudanganya. Nilisema nilianguka. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na mtu huyu alinipiga mateke mpaka mtoto akatoka amekufa. Mkono huu aliuvunja kwa mchi wa kinu. Na hakuwa mgane. Mke wake ni mzima, anaitwa Bhoke."

Jani la tumbaku lilivunjikavunjika mkononi mwa Mzee Masalu. Alimtazama Cornel kama mtu anayetafuta neno la Kiswahili na kulikosa.

Machozi ya Cornel yalikatika papo hapo, kama bomba lililofungwa.

"Nani mwingine umemwambia habari za Bhoke?" aliuliza. Hakuwa tena na sauti ya magotini.

"Mungu anisaidie, nimekusamehe," Vumilia alisema. "Lakini sirudi kwako."

Hakumwona akiinuka. Aliona tu mbingu ikizunguka, akaonja damu. Ngumi ya pili ilimpata sikioni. Cornel alimkamata nywele, akamburuta hatua tano hadi kwenye mlango wa bani, akamtupa ndani, akaingia naye na kuuegemeza mlango gogo kwa ndani.

Nje Mzee Masalu alirukia mlango. Sostenes alimpiga teke la goti, akatoa panga lililokuwa chini ya benchi na kusimama mbele yake na suti yake. "Mzee, kaa chini. Wacha mtu na mkewe waelewane."

Ndani kulikuwa na joto la tanuru. Majani yalining'inia hadi usawa wa kichwa, na chini mabomba ya chuma ya kupitishia moto yalikuwa yamewiva. Vumilia alikohoa. Cornel alimkalia kifuani, akamkaba kwa mikono miwili.

"Nani? Polisi? Ulimpigia Bhoke? Jibu."

Atajibuje mtu aliyekabwa? Macho yake yalianza kuona weusi. Alipapasa, akagusa kidole cha Cornel karibu na kinywa chake, akakiuma. Aliuma mpaka meno yakakutana na mfupa. Cornel alipiga ukelele na kuachia mkono mmoja. Vumilia alijipinda kwa kiuno, akamsukuma ubavuni, na Cornel alipotaka kujizuia asianguke, kiganja chake kilitua juu ya bomba.

Harufu ya nyama ilijaa mle ndani.

Alipoinua mkono, ngozi ilibaki kwenye chuma. Bado alimrudia. Alimpiga kichwa kwenye ukuta wa udongo mara mbili, na Vumilia akamchapa kwa mti wa chanja ulioanguka, akimlenga machoni bila kuona vizuri. Chanja nzima ya tumbaku ilidondoka juu ya bomba na kuanza kufuka.

Wakati huo huo Mama Klara alikuwa amefika barabarani, amepiga mwano, ule ukunga wa hatari ambao katika vijiji vile hakuna mwanamume anayeusikia akaendelea kula. Filimbi za sungusungu, walinzi wa kijiji, zilijibu upande wa bwawani. Pikipiki zikaja, watu wakatoka mashambani na majembe, na Nkwabi, kamanda wao, akawa wa kwanza kumfikia Sostenes. Fimbo moja ya mkono, panga likaanguka. Ya pili ilimlaza.

Mlango ulivunjwa kwa shoka. Walimtoa Vumilia anakohoa, uso umevimba, kanga imeungua pindo. Cornel walimburuta kwa miguu.

Hapo palikuwa pabaya. Walimpiga Cornel kwa mipini ya majembe, wakampiga mgongoni, wakampiga magotini. Jino lilitoka na damu. Mzee Masalu alikuwa katikati yao, akichechemea, na kila alipopiga alisema neno moja, "Mjukuu." Akapiga tena. "Mjukuu."

"Baba, acha," Vumilia alisema.

Hawakumsikia. Mtu mmoja tayari alikuwa ameokota jiwe kubwa la kuzibia lango la zizi.

Ukweli usemwe, Vumilia hakumwonea huruma. Kwa sekunde chache alilitazama lile jiwe na kutaka lishuke. Kilichomrudisha ni lile swali la mle ndani ya bani. Mtu aliyekuja kutafuta mke angemwuliza kwa nini aliondoka. Cornel alimwuliza habari za Bhoke, na za Bhoke tu.

Akapita katikati ya miguu ya watu, akasimama juu ya Cornel. "Kamanda, naomba nipige simu kwanza. Mkewe huyu yuko hai. Yeye ndiye atawaeleza wote."

Nkwabi alinyoosha mkono, watu wakatulia. Vumilia alibonyeza namba ya Bhoke, aliyokuwa ameikariri tangu siku ile ya stendi.

Simu ikaita. Iliita mfukoni mwa suruali ya Cornel.

Nkwabi aliinama, akaichomoa. Ilikuwa simu ndogo ya kike, kioo kimepasuka, na pembeni yake damu iliyokauka.

Sostenes, aliyekuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya benchi, alianza kulia.

"Mimi si mchungaji," alisema. "Niseme kweli mbele za Mungu. Ni dalali wa dhahabu, na huyu ni mwenzangu. Bhoke alitishia kwenda polisi. Jana asubuhi Cornel alimwita Segese kwamba wayamalize. Alimpiga na jiwe, akamsukuma kwenye duara la zamani, shimo la wachimbaji. Mimi nilimshika miguu. Nilimshika miguu kwa mikono hii, jamani. Mtakuta maiti tu."

"Duara lipi?" Vumilia aliuliza.

"Lile la nyuma ya karasha bovu, ile mashine ya kusaga mawe. Matimba yake, magogo ya kushikilia kuta, yameanguka upande mmoja."

Cornel alitema damu. "Mwongo huyo. Si hilo. Ni lile la chini ya kilima, lenye bati juu."

Mashimo mawili, na waongo wawili. Kutoka Ushetu hadi Segese ni mwendo mrefu, na mtu aliyeanguka kwenye shimo jana hana muda. Vumilia aliweka spika, akampigia Nasibu, mchimbaji aliyekuwa mteja wake wa ovaroli pale Segese. Alikuwa mtu mwenye maneno machache.

"Nasikia, dada."

"Kuna mwanamke ametupwa kwenye duara. Huenda anapumua bado."

"Nina kamba na pikipiki. Wenzangu wote wako chini, wanatoka saa kumi na moja. Ni duara gani?"

Nyuma ya karasha, au chini ya kilima. Kati ya mashimo hayo ni nusu saa ya njia mbovu. Watu wote walimtazama Vumilia. Alifumba macho, akaomba bila maneno mengi, kisha akawatazama wale wanaume wawili mmoja baada ya mwingine.

Cornel alikuwa hajataja alichofanya. Alitaja shimo tu. Sostenes alikuwa ametaja mikono yake mwenyewe.

"Nyuma ya karasha bovu," Vumilia alisema. "Lenye matimba yaliyoanguka. Usikate simu."

Walisikia pikipiki ikiwaka upande wa pili. Nkwabi aliichukua simu, akaishika juu ya kiganja. Bani lilikuwa linatoa moshi, watu wachache wakilimwagia maji. Mama Klara alimfuta Vumilia damu kwa pindo la kitenge chake.

Sostenes bado alilia, kichwa chini. "Maji," alisema. "Naombeni maji tu."

"Mfungueni mikono anywe," Vumilia alisema. "Huyu amesema kweli."

Mama Klara alimtazama. "Una hakika, mayu?"

"Ametaja, Mama."

Wakamfungua. Mtu akamletea kata ya maji, akarudi kwenye moto.

Dakika zilipita, kumi, kumi na tano. Kisha pikipiki ikazimwa kule Segese, na wakasikia mawe yakiporomoka na Nasibu akihema.

"Nimefika mdomoni. Matimba ni hayahaya." Akaita kwa nguvu, jina la Bhoke likarudi kwa mwangwi. Akaita tena.

Walisikia kokoto zikidondoka shimoni.

Halafu Nasibu akasema, taratibu, "Kuna mtu anajibu."

Wanawake walishusha pumzi. Mzee Masalu alikaa chini, akafunika uso. Vumilia alikuwa ameshika mkono wa Mama Klara hadi kucha zimezama.

"Yuko kwenye kibaraza cha kwanza, hakufika chini," Nasibu alisema. "Mguu umevunjika. Anaongea. Subiri, ananiambia kitu." Walisikia kamba ikikwaruza jiwe. "Dada Vumilia?"

"Niko hapa."

"Anauliza kama mmemshika yule mnene. Anasema Cornel alimpiga, ni kweli, lakini baadaye akaogopa, akataka wampeleke hospitali. Aliyemsukuma shimoni ni yule mnene. Anasema huyo mnene ndiye bosi wao wote, na yeye si mwanamke wa kwanza kutupwa. Msimfungue kamba."

Vumilia aligeuka.

Kamba ilikuwa imelala chini ya benchi. Kata ya maji ilikuwa pale pale, imejaa, hakuigusa. Ng'ambo ya bani, mahali sungusungu walipoegesha pikipiki zao, moja iliwaka kwa kishindo, na vumbi likapanda kuelekea barabara ya Kahama, ile inayokwenda Segese. Sostenes alikuwa amesikia kila neno kwenye spika. Alijua Bhoke yu hai, na alijua pia kwamba anayemtoa yuko peke yake na kamba moja.

Nkwabi na vijana wake wawili waliparamia pikipiki zao. "Nasibu, mtoe haraka, msikae hapo," Vumilia aliita kwenye simu. "Kuna mtu anakuja."

"Dada, nikimvuta peke yangu mguu ule utakatika."

Chini, kwenye udongo uliolowa damu, Cornel alijaribu kuinua kichwa. Jicho moja lilikuwa limefumba. Mkono wake ulioungua ulikuwa kifuani kama kitu kisicho chake.

"Nilitaja shimo lingine kwa sababu Sostenes alikuwa ananitazama," alisema. "Vumilia. Hatapita Kahama. Kuna njia ya porini, nusu ya muda, na kule mwisho ana watu wake watatu. Hawa hawaijui. Mimi naijua."

Hakulia safari hii.

"Nilimuua mtoto wetu," Cornel alisema, mbele ya watu wote, mbele ya Mzee Masalu na jembe lake. "Kwa mateke, nikijua una mimba. Sasa nimetaja. Nichukueni niwaonyeshe njia."

Nkwabi alikuwa ameshawasha pikipiki. Aligeuka nusu, akamwangalia Vumilia, akisubiri neno lake.